Gari la 4x4 Linaokoa Watu Wakati wa Mafuriko. Lakini Nani Analipa Mafuta?

Masika ya 2024 kila mtu anayakumbuka kwa njia yake. Sisi wa upande wa Kitengela tunayakumbuka kwa sauti: Land Cruiser kuukuu ya jirani yetu ikiwaka saa nane usiku, mvua ikipiga mabati kama mtu anamwaga mahindi kutoka juu.

Usiku huo mama mmoja mjamzito, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alishikwa na uchungu. Mume wake alipiga simu ya ambulensi, na ambulensi ilikuja. Shida ni kwamba ilifika kwenye lami ikasimama hapo. Kutoka lami hadi mtaani kwetu ni kama kilomita mbili za udongo mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza simu, na mvua ikinyesha unashika gurudumu kama unga wa chapati unavyoshika vidole. Dereva wa ambulensi alisema ukweli: akiingia hapo, watakuwa na wagonjwa wawili, mama na gari.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu ambaye siku za kawaida gari lake linabeba nyasi za ng'ombe, alitoka na gambuti. Akapunguza upepo kwenye magurudumu, akatandika godoro nyuma, akamwambia mume, "Wewe shika mama, mimi nitashika barabara." Zile kilomita mbili zilimchukua dakika arobaini. Ambulensi ikampokea mama kwenye lami na mtoto akazaliwa hospitalini asubuhi. Msichana.

Makala haya yanahusu watu kama yule mzee: wenye magari ya 4x4 ambao hali ya hewa ikiharibika wanajitolea kusaidia waokoaji. Tunaangalia wanafanya nini, wapi wanapaswa kukoma, na jambo ambalo halisemwi sana, yaani pesa. Huduma inaweza kuwa ya bure lakini dizeli si ya bure. Na pesa zikishughulikiwa vibaya, gari zima kabisa linaweza kubaki limeegeshwa huku mtu akihitaji msaada. Sisi tuliliona hilo kwa macho yetu.

Kwa nini ambulensi inahitaji jirani

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini na kuwatoa maelfu ya familia kwenye nyumba zao. Alfajiri ya Aprili 29, maji yaliporomoka Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakabeba nyumba, magari na zaidi ya watu 50. Siku moja kabla ya hapo, mashua ilizama upande wa Madogo, karibu na Garissa, kwa sababu barabara ilikuwa imefunikwa na maji na watu hawakuwa na njia nyingine ya kuvuka. Mapema Mei, Mto Talek ulivunja kingo huko Maasai Mara, watalii na wafanyakazi wa kambi wakaokolewa, wengine kwa helikopta na wengine kwa magari.

Siku kama hizo Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, polisi, wanajeshi na vijana wa NYS wanaitwa kila mahali kwa wakati mmoja. Helikopta na mashua huenda kwanza mahali penye maafa makubwa, na ndivyo inavyofaa. Lakini nyuma ya kila janga la kwenye habari kuna shida ndogo mia moja ambazo hazina kamera: mgonjwa wa kusafishwa figo ambaye siku yake ni leo, muuguzi wa zamu ya usiku aliyekwama nyumbani, mzee ambaye insulini yake imeisha, familia inayohitaji kuhama kabla maji hayajafika mlangoni.

Ambulensi zetu nyingi ni magari ya muundo wa van. Yako chini, ni mazito, na yametengenezwa kwa ajili ya lami. Hapo ndipo mwenye 4x4 anapofaa. Kazi yake kubwa si ya sinema. Mara nyingi ni kuunganisha kipande kifupi cha njia mbaya na mahali ambapo ambulensi inaweza kufika. Ni kilomita mbili hivi, kama zile za mtaani kwetu.

Wenzetu wanaipanga vipi

Kuna nchi ambazo zimeipa kazi hii mpangilio. Uingereza ina vikundi vya kujitolea vya 4x4 Response, kila kimoja na eneo lake. Wanachama ni watu wa kawaida wanaotumia magari yao wenyewe: fundi, mwalimu, mkulima, mtu wa ofisi. Theluji ikimwagika au mto ukifurika, hospitali, halmashauri au polisi wanawapigia simu, na wao wanapeleka wauguzi kazini, dawa kwa wagonjwa na chakula kwa wazee waliokwama.

Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018, baridi kali kutoka mashariki ilipofunga barabara nyingi za Uingereza kwa theluji, madereva kama hao walisaidia kupeleka wafanyakazi wa afya hospitalini, kwenye zamu zao na kuwarudisha nyumbani. Hebu fikiria wodi ya watoto isiyo na muuguzi kwa sababu barabara imezibwa. Gari moja likibeba wauguzi wanne, wodi inafanya kazi.

Funzo kubwa kutoka kwao ni neno moja: wanaitwa. Hawajipeleki. Mtu wa kujitolea anayejitokeza bila kuitwa anaweza kuziba njia ya waokoaji, au kugeuka yeye mwenyewe kuwa mtu wa kuokolewa.

Kwetu Kenya ujuzi haukosekani. Tangu 1989 tuna mashindano ya Rhino Charge, ambapo madereva hupita vichakani na kwenye mabonde yasiyo na barabara huku wakichangisha pesa za uhifadhi. Pesa hizo ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa Milima ya Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Ukiangalia hadithi ile kwa jicho la mtu wa malipo, unaona kitu kizuri: watu wanaopenda magari na matope waliweza kukusanya pesa za umma miaka na miaka kwa sababu waliochangia waliona uzio ukikua. Mtu akiona kazi, anachanga tena.

Gari kubwa si mashua

Kabla hatujafika kwenye pesa, tuongee ukweli kuhusu maji, maana hapa ndipo watu wanakufa.

Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Basi likasombwa na watu zaidi ya 30 wakafariki. Basi ni zito kuliko 4x4 yoyote utakayoiona mtaani. Uzito haukulisaidia.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chukua gari ambalo upande wa chini una ukubwa wa kama mita 4 kwa mita 1.7, yaani karibu mita 7 za mraba. Maji yakishafika kwenye sakafu, kila sentimita 10 yanazopanda yanalisukuma gari kwenda juu kwa nguvu ya karibu kilo 700. Yakipanda sentimita 30, hiyo ni zaidi ya tani mbili. Gari lako la tani mbili limeanza kuelea. Likielea magurudumu hayashiki chini, na hapo hata ufunge winchi tatu, anayeendesha ni mto.

Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa hutoa tahadhari hizi: sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kubeba magari madogo mengi, na sentimita 60 zinaweza kusomba magari mengi, yakiwemo makubwa na pikapu.

"Lakini kitabu cha gari langu kinasema linaingia majini milimita 700." Sawa. Kwa Toyota Hilux namba hiyo ndiyo hutajwa, na Land Rover Defender mpya hutajwa milimita 900. Lakini namba hizo ni za maji yaliyotulia, sakafu imara chini, na mwendo wa polepole. Hazikuhesabu mto wenye hasira, mawe yanayobingirika, wala daraja ambalo huna uhakika kama bado lipo chini ya maji ya kahawia.

Kuna jambo lingine: injini inavuta hewa. Ikivuta maji badala ya hewa, maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, na vyuma vya ndani vinapinda au kuvunjika kwa sekunde moja. Fundi atakupa bili ya kukulaza macho wiki nzima. Na ukishatoka majini, jaribu breki mara kadhaa kabla ya kuongeza mwendo kwa sababu breki zilizolowa hazishiki vizuri.

Jirani yetu alikuwa na sheria moja ambayo hata kilio hakikuivunja: matope ndiyo, mto unaotembea hapana. Siku moja kijana alimwomba avuke mkondo ili achukue televisheni na godoro. Mzee akamjibu, "Mwanangu, televisheni inauzwa dukani. Wewe huuzwi." Kijana akakasirika. Jioni ile sehemu ya kingo pale pale ilibomoka.

Ukitaka kujitolea, anza hivi

Kwanza, jitambulishe mapema. Usingoje mvua. Nenda tawi la Msalaba Mwekundu la kaunti yako, ongea na chifu na wazee wa nyumba kumi, na uwaambie una gari gani, linabeba watu wangapi na unapatikana saa ngapi. Dharura ikitokea, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na polisi wanapatikana kwa 999 au 112. Hao ndio wanaojua nani ameshafikiwa na nani bado.

Pili, usitoke peke yako. Magari mawili ni bora kuliko moja kwa sababu la pili ndilo linalovuta la kwanza. Ukikosa la pili, hakikisha kuna mtu amebaki nyumbani anayejua umeenda wapi na unatarajiwa kurudi saa ngapi.

Tatu, beba vitu vya kazi: kamba imara ya kuvutia magari pamoja na pingu zake za chuma, koleo, pampu ya upepo maana magurudumu uliyoyapunguza yanahitaji kujazwa tena kabla ya lami, tochi, blanketi, maji ya kunywa, kisanduku cha huduma ya kwanza, na simu iliyojaa chaji pamoja na chaji ya akiba. Usimruhusu mtu kusimama karibu na kamba inayovuta gari. Ikikatika inaweza kumuua.

Nne, jua mpaka wako. Wewe ni dereva. Ukimkuta mtu aliyeumia mgongo au anayevuja damu sana, kazi yako ni kupiga simu na kufuata maelekezo ya wenye ujuzi. Kumrusha nyuma ya pikapu kunaweza kumwumiza zaidi.

Tano, angalia bima yako. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haigharimii gari linalobeba watu kwa malipo. Ukianza kutoza nauli kwa watu waliokwama, hata shilingi mia, unaweza kuwa umejiondoa mwenyewe kwenye bima, na pia umeingia kwenye biashara inayohitaji leseni ya kubeba abiria. Uliza wakala wako maswali mawili mapema: je, nikibeba majirani bure wakati wa dharura, wanalindwa? Na je, maji yakiharibu gari langu, nalipwa?

Hilo la nauli linatupeleka pale pale. Kama huwezi kutoza, mafuta yanatoka wapi?

Wiki ambayo gari halikutoka

Turudi mtaani kwetu. Baada ya usiku ule wa mama mjamzito, habari zilienea. Kesho yake mzee alipeleka wauguzi wawili kazini. Keshokutwa akaleta dawa, mkate na maziwa kwa nyumba kama kumi. Kufikia Ijumaa mtu akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa, "Jamani, huyu mzee anachoma dizeli yake kwa ajili yetu. Tuchange." Wazo zuri. Nambari ya simu ya mzee ikawekwa, na watu wakaanza kutuma: mia mbili, mia tano, elfu.

Makosa mawili yalitokea hapo, na yote mawili tunayaona mara kwa mara kwenye kazi yetu.

Kosa la kwanza: pesa ziliingia kwenye laini yake ya kibinafsi. Ni laini hiyo hiyo anayopokelea kodi ya vyumba vyake viwili, pesa za maziwa, na karo ambayo mwanawe humtumia ili amlipie mjukuu shule. Ndani ya siku nne hata yeye hakujua tena shilingi mia tano ipi ni ya mafuta na ipi ni ya maziwa.

Kosa la pili: mtu asiyejulikana alichukua picha ya Land Cruiser ikiwa imezama matopeni, akaiandikia maneno ya huruma, akaweka nambari yake mwenyewe, na ujumbe ukaanza kuzunguka kwenye magrupu ya makanisa na ya wazazi wa shule. Mama yangu mzazi alituma shilingi 500. Nilipomuuliza kama hakuona jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, alisema, "Niliona si lake, lakini nikadhani ni mweka hazina." Watu wanne tuliowajua walituma huko, jumla shilingi 2,300. Mama alipiga simu kwa huduma kwa wateja siku ya pili yake. Pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti.

Kisha likaja swali kwenye grupu: "Hizo pesa zetu zimeenda wapi? Mbona mzee bado anasema hana mafuta?" Aliyeuliza alikuwa ametuma kwa nambari ya tapeli, ila yeye hakujua hilo. Mwingine akaongeza kicheko. Mwingine akaandika kwamba siku hizi hata msaada ni biashara.

Mzee hakujibu kitu. Alifunika gari na turubai.

Siku ya pili, babu mmoja mwenye ugonjwa wa moyo alizidiwa. Walipompigia mzee simu alisema kwa sauti ya chini, "Tafuteni mwingine, mimi nimeambiwa nakula pesa za watu." Vijana walimlaza babu kwenye mkokoteni wa kuuzia maji, wakausukuma matopeni hadi lami. Babu alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini ilichukua saa moja na nusu, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, na kilichokosekana ni kuaminiana.

Karatasi iliyorudisha gari barabarani

Kwa sababu nafanya kazi kwenye malipo, nilitumwa kwa mzee pamoja na katibu wa mtaa. Nilimwomba ruhusa tuchukue taarifa ya laini yake ya wiki mbili. Alisita, kisha akasema, "Angalieni tu. Aibu imeshapita." Tulikaa kwenye meza ya jikoni na kalamu ya rangi. Kodi tukaipaka kijani, maziwa manjano, mchango mwekundu. Michango ilifika shilingi 6,850. Risiti za kituo cha mafuta, zilizokuwa zimekunjwa ndani ya dashibodi ya gari, zilikuwa shilingi 9,200. Yaani mzee alikuwa ameongeza shilingi 2,350 kutoka mfukoni mwake, kabla hata hatujahesabu gurudumu lililopasuka.

Kwa ruhusa yake tuliweka hesabu hiyo kwenye grupu, pamoja na picha za risiti na onyo kuhusu ile nambari ya tapeli. Kukawa kimya kirefu. Halafu yule aliyeuliza swali la kwanza akaandika, "Mzee, nisamehe. Nilikosea." Asubuhi yake turubai lilikuwa limetolewa.

Tangu hapo mtaa ulibadilisha mtindo, na mtindo wenyewe unaweza kutumika na kikundi chochote, hata kama chenu ni cha bodaboda au mashua.

Kwa kikundi kinachopokea pesa

1. Tenganisha pesa. Fungua till au laini maalumu kwa jina la kikundi, isitumike kwa kitu kingine chochote. Kama kikundi hakijasajiliwa, anzeni hata na laini moja mpya ambayo jina la mwenye laini limetangazwa wazi kwa wote.

2. Dereva asiwe mweka hazina. Mwenye gari anaendesha, mtu mwingine anashika pesa, na wa tatu anakagua. Kwetu mweka hazina ni mmoja wa wale wauguzi. Hii haimaanishi dereva ni mwizi. Inamlinda ili asiwahi kuulizwa tena swali lile.

3. Lipia mafuta moja kwa moja. Badala ya kutoa pesa taslimu, mweka hazina analipa kwenye till ya kituo cha mafuta wakati gari liko pale. Ujumbe wa malipo unabaki kama ushahidi: kiasi, tarehe, saa, jina la kituo.

4. Andika safari. Daftari la shilingi hamsini linatosha: tarehe, umeenda wapi, umebeba nani au nini, kilomita ngapi. Usiandike ugonjwa wa mtu, hiyo ni siri yake.

5. Toa hesabu kabla ya kuulizwa. Kila Jumapili jioni wakati wa mvua weka ujumbe mfupi: tumepokea hivi, tumetumia hivi, imebaki hivi. Mistari mitatu.

6. Weka akiba kabla ya mvua. Nyumba thelathini zikichanga shilingi 100 kwa mwezi, kwa miezi mitatu mna shilingi 9,000. Mvua ikifika mnaanza na tangi lililojaa, si na maombi ya saa nane usiku.

Kwa wewe unayetuma mchango

Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kama halifanani na jina lililotangazwa, simama. Usijitungie maelezo kama mama yangu. Piga simu kwa mtu unayemjua kwenye kikundi, uulize.

Usiamini picha. Picha ya kweli inaweza kuwekewa nambari ya uongo. Tafuta tangazo lilipoanzia, na kwa mashirika makubwa tumia nambari iliyo kwenye kurasa zao rasmi tu.

Hakuna mfadhili wala mwokoaji anayehitaji PIN yako, wala anayehitaji umrudishie pesa "zilizotumwa kwako kimakosa". Mtu akikupigia hivyo wakati wa maafa, kata simu. Kama kweli pesa zimeingia kimakosa, mwambie apitie huduma kwa wateja, wao ndio watakaozirudisha.

Ukigundua umetuma kwa mtu asiye sahihi, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa, nafasi hiyo karibu imeisha. Mama angepiga saa ile ile, pengine hadithi ingekuwa tofauti.

Na kwa familia yoyote iliyo karibu na mto au bonde: weka akiba kidogo kwenye simu na kidogo ya noti mahali pakavu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, minara ya simu nayo inaweza kuzima. Intaneti ikipotea lakini mtandao wa simu upo, programu yako inaweza kukataa kufunguka, ila kupiga ile kodi fupi inayoanza na nyota bado kunafanya kazi. Ijue kwa kichwa. Mfundishe pia mama na shosho.

Mvua inakuja tena

Vuli huanza Oktoba, masika Machi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu kabla mvua haijaanza, kwa hivyo hakuna sababu ya kushtuka kila mwaka kana kwamba ni mara ya kwanza. Kama una 4x4, safari ya tawi la Msalaba Mwekundu itakuchukua asubuhi moja. Kama huna gari, unaweza kushika daftari, kukagua hesabu, au kuwa yule mtu anayebaki macho nyumbani akingoja simu ya dereva.

Mzee wetu bado anabeba nyasi. Till ya mtaa bado iko wazi, na mara ya mwisho nilipoangalia ujumbe wa Jumapili kulikuwa na shilingi 7,400. Nyumba ya tatu kutoka kwetu wanachanga kila mwezi bila kukumbushwa. Msichana wao siku hizi anatembea, na akiisikia ile Land Cruiser ikiwaka anakimbilia getini kupunga mkono.

Itume makala hii kwenye grupu ya mtaa wenu leo, kabla mawingu hayajakusanyika. Kisha ulizeni swali moja tu: usiku wa saa nane mtu akipiga simu, nani ana gari, na nani ana pesa za mafuta?